Somo la Historia: Redio Zilizotolewa Nje

Kaeni kitako, na aliye mbali na asogee. Mwenye kitabu hiki mkononi afuate maneno kwa kidole, pole pole. Mkifika mahali pagumu, mwalimu wenu atasimama nanyi.

Leo nitawapa habari za watu wanaofanya jambo ambalo ukiliona mara ya kwanza huenda ukacheka. Ni watu wenye nyumba nzuri, zenye umeme, meza na viti. Ndani ya nyumba hizo wana mitambo ya redio, si ya kusikiliza tu, bali ya kusema pia. Hata hivyo, mara moja kila mwaka, mwezi wa Juni, huitoa mitambo ile nje, wakaipakia garini, wakaenda nayo uwanjani au mlimani. Huko hupiga hema, hufunga waya mitini, na hukaa mchana na usiku wakiita watu wasiowajua. Mbu huwauma. Mvua ikinyesha huwanyeshea. Ukiwauliza, “Kwani redio hazifanyi kazi nyumbani?” watakujibu, “Zinafanya kazi vizuri sana.”

Basi wanatoka kwa nini? Likumbukeni swali hilo, maana tutalirudia.

Watu hao wako zaidi Marekani na Kanada, na siku yao inaitwa Field Day. Sisi katika somo hili tutaiita Siku ya Uwanjani. Wao ni watu wa redio ya ridhaa. Neno ridhaa mnalijua kwa wachezaji wa mpira: mchezaji wa ridhaa hucheza kwa kupenda, halipwi. Na hawa ni vivyo hivyo. Mmoja ni fundi, mwingine mkulima, mwingine mwalimu, mwingine mama wa nyumbani. Kila mmoja amefanya mtihani, serikali ikampa leseni na jina la herufi na tarakimu ambalo hakuna mwingine duniani aliye nalo. Haruhusiwi kupokea hata senti moja kwa habari anayoipeleka. Kwetu pia wako, ingawa si wengi: majina ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Z, ya Uganda 5X. Kabla ya uhuru yalianza na VQ3 kwa Tanganyika, VQ4 kwa Kenya, VQ5 kwa Uganda na VQ1 kwa Unguja.

Sasa turudi nyuma, mwaka wa 1914, katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut. Alikuwako bwana mmoja jina lake Hiram Percy Maxim. Jina hili la Maxim wazee wetu walilijua kwa ubaya. Baba yake ndiye aliyebuni bunduki ya kufyatua risasi mfululizo, ile iliyoitwa bombomu, na wapiganaji wa Maji Maji walikutana na bunduki za namna hiyo Mahenge mwaka wa 1905. Mwana alishika njia nyingine. Kwanza alibuni chombo cha kuzima mlio wa bunduki, kisha akaipenda redio. Ukitazama sana utaona ukoo huu ulihangaika na kelele tu: baba aliziongeza, mwana akazipunguza, halafu akatafuta namna ya kupeleka mlio mbali.

Wakati huo redio iliitwa simu ya upepo, na haikupeleka sauti ya mtu kama hii yangu. Ilipeleka milio ya Morse. Mlio mfupi ni nukta, mlio mrefu ni mstari, na kila herufi ina nukta zake na mistari yake. Herufi A ni nukta moja na mstari mmoja. Herufi E ni nukta moja tu. Mwenye kugonga hugonga, na mwenye kusikiliza huandika herufi moja moja mpaka neno litimie, kama ninyi mlivyoanza kusoma.

Bwana Maxim alitaka kupeleka habari mji wa Springfield, ambao si mbali, kama maili 25 hivi. Mtambo wake ukashindwa. Lakini katikati ya njia, mahali paitwapo Windsor Locks, alikuwako mtu mwingine wa ridhaa. Maxim akampa huyo habari ile, naye akaipeleka Springfield. Ikafika. Hapo akapata wazo: ikiwa mmoja hafiki mbali, basi na wapokezane, kama wakimbiaji wanavyopokezana kijiti. Mwaka ule ule, yeye na kijana Clarence Tuska walianzisha chama cha kupokezana habari kwa redio, American Radio Relay League, na chama hicho kipo mpaka leo.

Watu hao hawakuheshimiwa sana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 ilikuwa imewasukumia kwenye mawimbi mafupi, ya mita 200 kushuka chini, kwa kuwa wakati ule mawimbi hayo yalidhaniwa hayafai kitu. Yale marefu walipewa wenye kazi: manowari, meli za abiria na makampuni. Ni kama kugawa mashamba, mmoja akapewa bonde lenye maji, na mwingine akaambiwa, “Wewe lima kule kwenye mawe.”

Desemba 1921 chama kikamtuma Bwana Paul Godley avuke bahari hadi Scotland, asikilize kama milio ya wenzake wa Marekani itafika. Godley hakufanya kazi hiyo ndani ya hoteli. Alipiga hema karibu na pwani, katika mji wa Ardrossan, akatandaza waya mrefu, akakesha humo katika upepo, mvua na baridi kali, vyombo vya kusikilizia vimembana masikio. Akazisikia stesheni nyingi za ridhaa za Marekani, na moja ya mji wa Greenwich, Connecticut, ikamfikishia habari nzima neno kwa neno. Miaka miwili baadaye, Novemba 1923, Fred Schnell wa Hartford na Mfaransa Léon Deloy wa mji wa Nice waliongea kwa Morse kuvuka bahari ile, huyu akisema na huyu akijibu. Mawimbi yao yalikuwa ya mita 110 hivi. Lile shamba la mawe lilikuwa na rutuba kuliko bonde! Mawimbi mafupi hupanda juu sana, hugonga tabaka la hewa lililo huko na kurudi chini mbali sana, kama mpira unavyodunda.

Nimekaa kwenye hema la Godley kwa sababu. Mnaona kwamba mtu aliweza kutoka na redio yake, akaiweka mahali pasipo kitu, ikafanya kazi. Lakini kufikia miaka ya 1930 watu wa ridhaa walikuwa wamestarehe. Mitambo ilikuwa mikubwa, imewekwa chumbani, imeungwa kwenye umeme wa mji. Sasa fikirini wenyewe. Siku ya tufani au mafuriko, kitu gani huanguka kwanza? Ni nguzo za umeme na za simu. Basi siku ile watu wanapohitaji sana mtu wa kuwapelekea habari, huyo naye amekaa gizani na mtambo wake ni sanduku tu.

Jambo hili lilimsumbua Bwana F. E. Handy, aliyekuwa mkuu wa mawasiliano katika kile chama. Angeweza kuwaandikia wanachama barua ya kuwahimiza wajitayarishe. Barua za namna hiyo husomwa, zikakunjwa, zikawekwa. Yeye akafanya mashindano. Juni 1933 ikafanyika Siku ya Uwanjani ya kwanza: tokeni nje na mitambo inayobebeka, tuone nani atapata wenzake wengi zaidi. Watu wakatoka, wakafurahi, na mwaka uliofuata wakatoka tena.

Hebu tutazame mashindano yenyewe, kwa kanuni za siku hizi. Huanza Jumamosi ya mwisho kamili wa juma wa nne katika mwezi wa Juni. Kwa Connecticut ni saa 8 mchana. Kwetu Dar es Salaam na Nairobi wakati huo ni saa 3 usiku. Wale waliotangulia kupanga vitu vyao mapema wana saa 24 tu za kufanya kazi. Kilabu hufika uwanjani na magari. Wengine wanapiga hema, wengine wanashughulika na eriali, yaani waya wa kurushia na kunasa mawimbi. Hufunga jiwe dogo kwenye kamba nyembamba, hulirusha juu ya tawi la mti, kisha huvuta waya kwa kamba ile. Jiwe hukataa. Hunasa, hurudi, huangukia mahali pasipotakiwa. Waya wa mawimbi ya mita 40 una urefu wa futi 66 hivi, nao wautaka juu, usiguse majani. Mitambo yote ya kilabu lazima iwe ndani ya duara lenye upana usiozidi futi 1,000, na hapo ndipo ugomvi unapoanza, maana mtambo mmoja ukisema, ulio jirani hupigwa na kelele.

Saa ikifika, wanaita. “Yeyote anisikiaye, yeyote anisikiaye.” Akijibu mtu, hawaulizani habari za watoto. Hupeana maneno machache tu, kwa mfano, “Tatu A, Connecticut.” Maana yake: tuna mitambo mitatu, sisi ni kikundi kilichoko nje, tuko Connecticut. Mwenzake anajibu ya kwake, kila mmoja anaandika daftarini, basi, mwingine. Mchana mawimbi ya mita 20 na 15 huchukua sauti mbali; jua likizama hayo hufifia, nao huhamia kwenye mita 40 na 80. Saa 9 usiku wengi wamelala garini. Hemani amebaki mtu mmoja na taa, na mwenzake wa kumwandikia, na chupa ya kahawa.

Sasa hesabu kidogo. Chukueni kalamu. Ukimpata mtu kwa sauti, unapata alama 1. Ukimpata kwa Morse, alama 2. Halafu jumla huzidishwa kwa kutazama nguvu ya mtambo. Mwenye mtambo wa kuzidi wati 100 huzidishiwa kwa 1, yaani haongezewi kitu. Mwenye wati 100 au pungufu huzidishiwa kwa 2. Na mwenye wati 5 au pungufu, akitumia betri au nguvu ya jua bila jenereta wala umeme wa mji, huzidishiwa kwa 5. Haya, kilabu moja ina wati 100, imepata watu 200 kwa Morse: 200 mara 2 ni 400, mara 2 tena ni 800. Kilabu nyingine ina betri na wati 5, imepata watu 80 tu: 80 mara 2 ni 160, mara 5 ni 800. Wamekwenda sare! Wati 5 ni kitu kidogo mno. Taa ya chumbani ya wati 40 ukiigawa mara nane ndiyo hiyo. Kanuni hii inamtukuza mwenye kidogo anayekitumia vema, kwa kuwa baada ya tufani kidogo ndicho kitakachokuwapo.

Na je, ilifaa kitu? Sikilizeni.

Februari 1936 Bwana Maxim alifariki. Mwezi uliofuata theluji iliyeyuka, mvua kubwa ikanyesha juu yake, na mito ya mashariki ya Marekani ikafurika. Huko Hartford mto Connecticut ulipanda zaidi ya futi 37. Stesheni ya chama chenyewe ilikuwa kwenye kiwanja cha ndege cha Brainard Field, karibu na mto. Maji yakaingia yakaiharibu. Ndiyo, ndugu zangu: chama kilichokuwa kikiwahimiza wengine wajitayarishe kilikuwa kimeweka stesheni yake bondeni. Siwacheki. Ni wangapi kati yetu wamejenga bondeni huku wakijua?

Lakini wanachama wake, miji kwa miji, walikuwa wamekwisha kutoka nje Juni tatu mfululizo. Walijua betri hudumu saa ngapi. Walijua kufunga waya mtini gizani. Walishika kazi ya kupeleka habari za waliozingirwa na maji. Januari 1937 ukafurika mto Ohio, ukaizamisha sehemu kubwa ya mji wa Louisville na kuingia Cincinnati, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakosa makao. Safari hii serikali iliamuru redio za ridhaa zinyamaze, isipokuwa zile zilizoshughulika na mafuriko. Watu waliosukumiwa kwenye mawe mwaka wa 1912 sasa walikuwa wakifungiwa njia ili wapite!

Kisha tarehe 21 Septemba 1938 tufani iliipiga New England, ikaua watu wapatao 600. Mji mdogo wa Westerly, katika jimbo la Rhode Island, ulikatwa kabisa na dunia. Wilson Burgess, mtu wa ridhaa wa mji huo, ndiye aliyefanikiwa kutoa habari kwa redio kwamba watu wanahitaji msaada. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya William S. Paley ya mwaka ule.

Kuhusu vita nitasema upesi. Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, serikali ilizifunga redio za ridhaa, na Siku ya Uwanjani haikufanyika kuanzia 1942 hadi 1945. Ilirudi 1946.

Wako wanaobishana hata sasa kama hii ni michezo au ni mazoezi ya msaada. Chama chenyewe husema si mashindano hasa, na papo hapo huchapa alama za kila kilabu. Hutoa hata alama 100 za nyongeza kwa wanaofanya kazi mahali pa wazi ambapo wapita njia wanaweza kuja kutazama. Mimi nakubaliana na Handy: bila alama wengi wangebaki nyumbani. Ila sipendezwi na kilabu zinazoleta minara mirefu kwa lori, zikaanza kujenga tangu Ijumaa. Mafuriko hayatoi taarifa Ijumaa. Waliofika Jumamosi na waya mmoja na betri ya gari ndio waliofanya zoezi la kweli, hata wakishika nafasi ya mwisho. Mwaka wa 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, kanuni zililegezwa ili walioko majumbani wapate alama wakiongea wao kwa wao. Ilikuwa lazima, lakini mnaona jinsi ilivyogeuza maana.

Na msidhani kwamba mambo haya yamekwisha kwa kuwa kila mtu ana simu mfukoni. Simu ya mfukoni hutegemea mnara, na mnara hutegemea umeme. Septemba 2017 tufani Maria iliikumba Puerto Rico, umeme ukazimika kisiwa kizima. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani likaomba watu wa redio ya ridhaa, na 22 wakaenda kujitolea. Sehemu ya kazi yao ilikuwa kupeleka majina ya watu walio hai, ili ndugu zao wa ng'ambo wajue.

Majina, basi. Hapo redio inakutana na darasa lenu. Kupeleka habari kwa watu wengi waliopokezana kuna hatari moja: neno likidondoka njiani hakuna anayejua. Kwa hiyo tangu zamani watu hawa huandika juu ya kila habari idadi ya maneno yake. Chukueni habari hii:

MAJI YAMEFIKA MILANGONI WATU ARUBAINI WAKO JUU YA SHULE HAWANA CHAKULA WANAHITAJI MITUMBWI

Hesabuni. Ni maneno 13. Sasa mpokeaji ameandika hivi: MAJI YAMEFIKA MILANGONI WATU WAKO JUU YA SHULE HAWANA CHAKULA WANAHITAJI MITUMBWI. Inasomeka vizuri, wala huoni pengo. Lakini akihesabu atapata 12, naye atamwambia aliyemtumia, “Rudia.” Asipohesabu, itakwenda mitumbwi miwili kwa watu arubaini.

Kazi ya darasa kwa juma hili ni hii. Gawanyikeni watatu watatu. Wa kwanza aandike habari ya msaada isiyozidi maneno 25, na juu yake aandike idadi. Amsomee wa pili kwa sauti, mara moja tu, huku wengine darasani wakipiga makofi ili kuwe na kelele. Wa pili aandike alichosikia, atoke nje ya mlango, amsomee wa tatu. Wa tatu aandike, ahesabu, kisha wote watatu walinganishe karatasi zao. Mwalimu aangalie neno lililopotea lilikuwa lipi, na kama lilikuwa jina, idadi au mahali.